Mpaka wa Minyaa

Mrimani, Marafa
20 Agosti 2023

Kaka Gona,

Shikamoo. Huku hatujambo, ukiondoa hili linalonifanya nishike kalamu.

Chifu amesema tusipigiane simu tena kwa habari ya shamba. Siku ile uliponifokea nilikuwa nimesimama mbele ya ofisi yake, na watu wote waliokuwa wakingoja vitambulisho walisikia ninavyokujibu. Akaniita ndani. Akasema maneno ya simu hayana mwenyewe, leo mtu anasema, kesho anakana. Ndugu wanaogombea ardhi waandikiane, na kila mmoja atie sahihi yake. Basi ndio hivyo. Nzai anashuka Malindi kila Jumatatu na Ijumaa na mitungi yake ya maziwa, yeye ndiye atakayetubebea.

Sasa soma mpaka mwisho kabla hujapandwa na mori.

Huyu Fondo uliyemkodisha kipande chako amefyeka kichaka chote cha kule juu, kichwani mwa mlima. Kichaka ambacho Baba hakukigusa hata mwaka ule wa njaa. Miti imekwenda makaa. Kisha akaleta trekta. Kipande chako ni chembamba, wajua mwenyewe, trekta haina pa kugeukia kwa upande. Kwa hiyo inapanda moja kwa moja na kushuka moja kwa moja, na kila mfuo inaouacha ni njia ya maji kutoka kileleni hadi kijitoni. Nilimwambia Fondo. Akanijibu yeye amekodi kwa Gona, hakukodi kwangu.

Bi Tasneem wa kilimo amekuja kuona. Ni msichana mdogo, mtoto wa mjini Malindi, viatu vyake vyeupe vilirudi vyekundu, lakini kichwa anacho. Alikuja na vijiti vitatu vilivyofungwa kama herufi A, jiwe linaning'inia katikati kwa uzi, tukatembea navyo mlimani kutwa nzima tukipima usawa na kupigilia vigingi. Anasema tuchimbe mtaro unaokata mlima kwa upande. Uanze kwangu, upenye ua wa minyaa, uvuke kwako, uishie kwenye yale majabali ya kwa kina Lewa, ambako maji yataanguka bila kula udongo. Minyaa nitakayong'oa ni ya hatua mbili tu. Mbili, Gona.

Redio inasema vuli ya mwaka huu itakuwa kubwa. Na kule chini, ua unapoishia, ndipo alipolala Mama. Alitaka mwenyewe tumzike juu ya mpaka, kichwa kwangu, miguu kwako, asije akawa wa mmoja. Maji yakishuka, wa kwanza kukutwa ni yeye.

Nipe ruhusa kwa maandishi.

Mdogo wako,
Kadzo Mwambire


Malindi
2 Septemba 2023

Kwako Kadzo,

Marahaba. Barua yako nimeipokea, inanuka maziwa.

Nakujibu kwa ufupi maana nafasi sina. Hapa hotelini mimi ni msimamizi, nina watu kumi na wawili chini yangu, na msimu wa wageni uko mlangoni. Sina saa za vijiti vya herufi A.

Ruhusa sikupi. Nitakueleza kwa nini, ili chifu naye akisoma aelewe.

Leo ni minyaa ya hatua mbili. Kesho ni mtaro. Keshokutwa unapanda kunde kando ya mtaro, ng'ambo ya kwangu, kwa kuwa wewe ndiye uliyeuchimba. Mwaka wa tano tunaambiwa mpaka ulikuwa mtaro tangu zamani. Mimi nimeishi Kilifi hii miaka arubaini na sita, nimeona watu wakitolewa mashambani mwao kwa adabu namna hiyo hiyo, na salamu juu.

Uliporudi kutoka kwa mumeo na mabegi yako mawili, Baba alikuonea huruma. Akalikata shamba la mwanawe wa kiume, akakupa nusu. Wazee walishangaa. Mimi sikutamka neno, na wewe unajua sikutamka. Baba alitembea kutoka kileleni hadi kijitoni na fimbo yake, watu wakitazama, na minyaa ikapandwa nyuma ya visigino vyake. Akasema atakayeuvuka mpaka ule kwa jembe asimwite yeye baba. Je, hayo nayo umeyasahau?

Na usimtumie Mama kuniombea shamba. Mama yuko futi sita chini ya ardhi. Maji ya mvua hayafiki huko.

Kakako,
Gona Mwambire


Mrimani
15 Septemba 2023

Kaka Gona,

Nimekusikia. Na mimi naandika ili chifu asome.

Maneno ya Baba sikuyasahau. Nilikuwepo. Ile miche ya minyaa iliyopandwa nyuma ya visigino vyake nani aliyeibeba? Ni mimi, kwenye karai, na utomvu wake ukaniingia jichoni nikashinda siku mbili sioni. Wewe ulisimama kileleni umekunja mikono kama bwana shauri.

Baba alitaka haki. Alisema kila mtoto apate kilele cha kupanda mihogo, apate katikati pa mahindi, apate na chini penye maji. Kwa hiyo akaupasua mlima kutoka juu hadi chini vipande viwili virefu. Hakuna aliyelia, hakuna aliyepunjwa. Ila tangu siku hiyo mlima wetu haujalimika.

Hebu kumbuka ulivyokuwa kabla. Mama alikuwa akiulima kwa kuuzungusha, kama mtu anavyojifunga leso. Kila baada ya mavuno tulilaza mabua ya mahindi kwa upande, mistari kumi na saba, toka kwa kina Lewa hadi kwenye mkwaju. Wewe ulikuwa ukinung'unika kwamba mabua yanawasha. Mvua ikinyesha, udongo ulikuwa ukigota kwenye mabua na kukaa. Ulipowekwa ua, mistari yote kumi na saba ikakatika katikati. Mwaka wa kwanza Mama alijaribu kuilaza upande wangu, kisha akaja kuilaza upande wako, na wewe ukamwambia aache, unataka shamba safi. Nilikuwa nimesimama pale pale. Alirudi nyumbani na mzigo wake wa mabua kichwani, akautumia kuni.

Kuhusu mabegi yangu mawili, asante kwa kunihesabia.

Nitachimba upande wangu. Huo huna uwezo wa kunizuia. Nikifika kwenye minyaa, nitasimama.

Kadzo Mwambire


Malindi
1 Oktoba 2023

Kadzo,

Fondo amenipigia. Anasema umeita mweria, majirani ishirini wanakuchimbia kwa tembo na mahamri, na mtaro umebakisha kidogo kufika mpakani.

Pamoja na barua hii napeleka amri iliyogongwa muhuri wa chifu, nilipanda mwenyewe hadi ofisini kwake kuichukua. Soma mstari wa pili. Hata jembe moja likivuka, hata mnyaa mmoja ukivunjika, utaitwa barazani kujibu, na gharama ni zako.

Ndiyo, nilifika huko Jumanne. Sikupita nyumbani. Nilikuwa na haraka, wageni ni wengi mno hapa.

Usinilazimishe kuwa mbaya, Kadzo. Kile kipande ndicho kitu pekee duniani ambacho mtu hawezi kuamka asubuhi akaniambia si changu.

Gona Mwambire


Mrimani
28 Oktoba 2023

Kaka,

Ulifika Marafa, ukarudi, hukupita hata kumwagia Mama maji kaburini. Haya.

Mtaro umefika kwenye ua. Umesimama hapo, kama amri inavyotaka. Mnyaa haukuvunjika hata tawi, mwite Fondo umuulize.

Mvua ya kwanza imenyesha jana. Si nyingi.

Kadzo


Malindi
20 Novemba 2023

Kadzo,

Wiki ya tatu sasa Nzai sijamwona. Wauza maziwa wengine wanasema barabara imekatika na daraja la mbao limekwenda. Simu yako haiiti. Najua tuliambiwa tusipigiane, lakini nimepiga.

Mko salama? Nijibu neno moja tu. Nampa barua hii mama mmoja anayejaribu kupanda kwa miguu.

Paa la jiko linavuja? Lile bati la kona nilisema nitalibadilisha.

Gona


Malindi
4 Desemba 2023

Mdogo wangu Kadzo,

Sijapata neno lako. Naandika tena, na safari hii chifu akisoma na asome.

Mimi si msimamizi. Nilikuwa, mpaka Juni. Wageni wamepungua, wanapelekwa Watamu, kwa kuwa bahari yetu imekuwa nyekundu. Kati ya wale watu kumi na wawili, tisa wameachishwa kazi, na mimi nikaambiwa nikitaka kubaki nishike reki. Nikashika. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla wageni waliobaki hawajaamka, nakokota ufukweni tope lote lililoletwa na maji, najaza magunia, nayatupa nyuma kwenye jaa la hoteli. Kesho yake ufuko umejaa tena. Sasa kaskazi imeanza, kila linalotoka mdomoni mwa Sabaki linaletwa huku kwetu.

Wageni huuliza hiki ni kitu gani. Meneja ametufundisha kujibu kwamba ni madini ya asili, mazuri kwa ngozi. Kuna mama mmoja wa Kizungu alijipaka miguuni, akaniomba nimpige picha.

Mimi nilimpiga nikacheka naye. Lakini rangi ile naijua, Kadzo. Ndiyo iliyokuwa visiginoni mwa Mama, haikutoka hata siku ya arusi yako alipojisugua kwa jiwe asubuhi nzima. Nilishika donge moja nikalivunja, ndani mna vipande vya makaa na mizizi ya mahindi. Nikasema labda ni kwa mtu mwingine. Mto ni mrefu, unatoka mbali, si kila udongo ni wa Mrimani. Nimekuwa nikijiambia hivyo kila asubuhi.

Fondo nilimkodisha kwa sababu ya aibu. Nilitaka Krismasi nije nyumbani na mikono mizito, watu waseme Gona amekuja. Fedha zake zililipa karo ya mwanangu Hope na pango la nyumba, zikaisha. Ndio maana Jumanne ile sikupita. Ningepita na nini?

Ile amri ichane. Nakupa ruhusa kwa maandishi, kama ulivyoomba: ng'oa minyaa hatua mbili, ng'oa kumi, uvushe mtaro wako hadi kwenye majabali ya kwa kina Lewa. Fondo nitamwondoa, nitajua la kumwambia. Nitakuja mwenyewe Krismasi na jembe langu. Mpaka hapo mwekee Mama mawe kuzunguka kaburi, waombe wana wa Lewa wakusaidie.

Nisamehe lile la futi sita.

Kaka yako,
Gona


Mrimani
29 Desemba 2023

Kaka Gona,

Barua zako mbili zimenifikia siku moja, leo. Nzai amefungiwa ng'ambo wiki saba na ng'ombe wake wawili wamekufa. Krismasi tulikungoja, kama kila mwaka. Kisha nikakumbuka barabara haipitiki, nikaacha kungoja.

Ruhusa nimeiona. Imeandikwa vizuri.

Ilikuwa Ijumaa ya tarehe kumi na saba Novemba, saa nne asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu bila kupumua. Nilikuwa nimesimama kwenye mtaro wangu na jembe, na mtaro ulikuwa ukifanya kazi, Gona. Maji yalishuka kutoka kilele changu, yakaingia, yakatembea taratibu kwa upande, mekundu kama chai ya rangi. Hakuna punje iliyoteremka. Nilifurahi mpaka nikapiga vigelegele peke yangu kama mwehu.

Sasa nitakuambia jambo ambalo sikukuandikia. Siku ya vigingi, Bi Tasneem alinishika mkono akasema, mama, mtaro huu ukiishia njiani ni heri usichimbe kabisa. Mtaro usio na pa kutokea unakusanya maji ya mlima mzima na kuyamwaga mahali pamoja. Alinirudishia mara mbili. Nikamwambia nimeelewa. Na nilielewa.

Nilipochimba mwanzo nilidhani ukisikia umefika kwenye ua, utaona haya, utaniruhusu. Ulipoleta amri yenye muhuri, ukapita Marafa bila kuja kunijulia hali, moyo wangu ukageuka. Nikasema, haya, maji yote ya mlima nitayaleta hapa kwenye minyaa yake, yapenye, yaingie kwake, yambebee mahindi yake na ya Fondo wake. Nilitaka yakuumize. Wala sikukosea kuchimba. Nilikuwa na akili zangu timamu.

Ila maji hayakusambaa kwako. Ua ule una miaka kumi na tano, chini umejaa takataka na mizizi, umeshikana kama ukuta. Maji yalifika pale yakasimama, yakapanda mpaka kiunoni, kisha yakapata upenyo mdogo, na ng'ambo ya pili yakakuta mfuo wa mwisho wa Fondo, ule alioulima kwa kubana ua ili asipoteze hata shubiri. Yakageuka, yakaufuata. Mtaro wangu uliyaleta, mfuo wako ukayapa njia, na njia ile inakwenda mahali pamoja tu, nawe unapajua.

Niliona mfuo ukiwa wa magoti. Nilipokwenda kuita watu na kurudi ulikuwa wa kifua. Wana wa Lewa walikuja na magunia ya mchanga, tukayashusha mbio, tukayapanga juu ya kaburi, yakaenda. Tukapanga mengine, yakaenda. Ukingo nao, Gona, ulikuwa ukikatika vipande vikubwa, naukumbuka mlio wake. Nikashuka ndani wakanitoa kwa nguvu. Nilimwita Mama kwa jina lake. Sijawahi kulitamka maishani mwangu, na siku ile nililipiga kelele mbele ya watoto wa watu.

Futi sita, ulisema. Zilikwenda kabla ya adhuhuri.

Tulifuata kijito siku tatu hadi kinapoingia Sabaki. Hatukupata kitu. Nilicho nacho ni lile bakuli lake la bati lenye maua tuliloliweka juu ya kaburi, lilinaswa kwenye mizizi ya minyaa. Nimelisugua, nimeliweka kabatini, kulitumia siwezi.

Wazee walikuja juma lililofuata. Wakauliza mwana wa kwanza yuko wapi, aje amwage tembo kaburini amtulize mamaye. Nikawauliza, kaburini wapi? Wakatazamana. Mmoja akasema hilo halijawahi kutokea, watalifikiria. Mpaka leo wanalifikiria.

Jana niliupima mpaka wetu. Baba aliuacha una upana wa fimbo yake. Sasa ni hatua kumi na tisa, na ndani yake mtu akisimama mabegani mwa mwenziwe haonekani. Minyaa yako ya juu bado iko, imesimama ukingoni, mizizi inaning'inia. Mahindi ya Fondo yamekwenda, na mihogo yangu ya katikati imekwenda. Nikikaa kwangu nikutazame kwako itabidi tupige kelele ndio tusikizane. Chifu amekuja, ameona, akasema hapa hakuna kesi tena.

Amri yako nakurudishia, iko ndani ya bahasha. Sikuichana. Sikuivunja pia, na ndilo jambo linaloninyima usingizi. Jembe moja tu lingevuka, Mama angekuwa amelala pale pale. Mimi nilimtii chifu ili nikukomoe wewe.

Msamaha unaouomba sina. Sikuombi wa kwako pia, sijui ningeuweka wapi. Ukija, njoo, jiko ni lile lile na linavuja, lakini usije na jembe.

Kuna moja tu nakuomba, na hili si la chifu. Mimi siwezi kushuka Malindi kila siku. Wewe uko huko, na kila asubuhi saa kumi na mbili uko naye kabla ya mtu yeyote. Basi kesho ukishika hiyo reki yako, Gona, kokota polepole. Na hayo magunia usiyatupe jaani.

Dada yako,
Kadzo